Shokapu za Watu Wawili

Shemeji yangu Msabah ni mtu asiyetupa kitu. Kazi yake ni kutengeneza mafriji na mafeni, na nusu ya yale yaliyomshinda yamo humu ndani, Kiponda, mjini Unguja, katika nyumba tunayokaa pamoja: yeye na dada yangu Zeyana ghorofa ya kwanza, mimi ya pili na cherehani yangu. Nilihamia hapa baada ya kufiwa na mume wangu, na tangu siku hiyo najikwaa kwenye mota za feni kila ninaposhuka ngazi. Nikilalamika hunijibu kwa upole wake ule unaoudhi, "Shemegi, hiyo nna kazi nayo."

Anachokitunza kuliko vyote ni pikipiki yake, inayolala ukumbini chini, nyuma ya mlango mkubwa. Aliinunua mwaka aliozaliwa binti yao Nadra, na Nadra sasa ana mume, watoto, na nyumba yake Mbweni. Tangi lilikuwa jekundu zamani. Rangi liliyo nayo leo haina jina. Kiti nimekishona upya mimi mwenyewe mara nisizozikumbuka. Lakini inawaka kwa kiki moja, na Msabah huwaambia hivyo hata watu ambao hawakumuuliza.

Kila Ijumaa baada ya sala, yeye na Zeyana hupanda pikipiki hiyo kwenda kula kwa Nadra. Dada yangu hukaa upande, kama wanavyokaa wanawake wengi wa makamo hapa kwetu, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja begani kwa mumewe na mwingine umepakata hotipoti. Wanapita Mnazi Mmoja na Kilimani, wanazungumza njia nzima. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nyumbani Msabah si mtu wa maneno. Anaona haya kumtazama mtu usoni akasema la moyoni, hata awe mkewe. Akiwa anatazama barabara, na mkewe yuko nyuma asikomwona uso, maneno humtoka yenyewe. Zeyana aliwahi kuniambia kwamba mambo yao makubwa yote waliyaamua juu ya ile pikipiki: harusi ya Nadra, safari ya hija, hata mimi kuhamia kwao. Nimeamuliwa mahali fulani kati ya Migombani na Mazizini, na nashukuru.

Kisha shokapu za nyuma zikachoka. Hazikuchoka siku moja. Mafuta yalianza kuvuja kidogo kidogo, springi zikalala, pikipiki ikawa inainamia nyuma kila Zeyana anapokaa. Msabah akasema hazina neno. Aliendelea kusema hivyo mpaka Ijumaa moja karibu na Mazizini, walipopita juu ya tuta, kiti kikashuka mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma, na dada yangu akapata pigo la mgongo lililomlaza mpaka Jumatatu. Nilimkanda kwa mafuta ya karafuu, yeye akivumilia kimya, mimi nikimsema mumewe kwa sauti ya kumfikia huko ukumbini.

Zeyana hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Ijumaa iliyofuata alimwambia tu, "Wewe tangulia, Baba Nadra. Mie ntakuja na gari." Na ikawa ndiyo desturi. Msabah anaondoka na pikipiki peke yake, mkewe anatoka na hotipoti yake mpaka kituoni Darajani, akishuka Mbweni anatembea na jua la saa nane mpaka kwa binti yake. Walikuwa wakifika mbalimbali na kuondoka mbalimbali. Nadra alinipigia simu kuniuliza kama wazee wake wamegombana. Nikamwambia hawakugombana, wamenyamaziana, na kwa baba yake hilo ni baya zaidi.

Maana nyumba ilinyamaza kweli. Msabah alikuwa akila, akishukuru, akishuka kukaa na mafeni yake. Zeyana alikuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Paa letu lilikuwa linavuja wakati ule, na lilikuwa jambo la kuzungumzwa: liezekwe upya au litiwe kiraka, na nani apewe kazi. Halikuzungumzwa. Niliweka ndoo karibu na cherehani, nikaendelea kushona huku nasikiliza matone.

Msabah alitaka mkewe arudi nyuma yake. Hakutamka, lakini mtu mwenye macho aliona, kwa sababu alianza kuuliza habari za shokapu kwa kila aliyekutana naye. Kwenye baraza ya kahawa wote walikuwa mabingwa. Mmoja alimwambia auze lile chuma chakavu, anunue vespa mpya kama watu. Mwingine alimwambia orijino au asinunue kabisa. Mwingine akamshauri atafute za mtumba. Orijino za pikipiki ya umri ule hazikupatikana Unguja nzima, na za kuagiza bei yake ilikaribia pikipiki yenyewe. Za mtumba alizoonyeshwa zilikuwa zimechoka kuliko zake. Mwishowe, katika duka moja la spea Mwembetanga, akatolewa jozi mpya kutoka India, ambazo hazikutengenezwa na walioitengeneza pikipiki lakini urefu wake sawa na matundu yanakaa, kwa bei ambayo fundi wa mafeni anaiweza. Akazitazama, akarudi nyumbani. Akaenda tena akazitazama, akarudi. Shemeji yangu hanunui kitu mpaka mwenye duka amemchoka.

Siku aliyozinunua alizileta zimefungwa gazeti, akaziweka juu ya meza ya chakula. Springi zilikuwa za manjano, zinang'aa.

"Shemegi," nikamwambia, "umeng'oa kitanda cha hoteli gani?"

"Za kitanda hazina mafuta ndani," akanijibu, bila hata kutabasamu.

Zeyana alikuja na sinia ya wali akasema, "Ziondosheni kwanza tule." Kisha akaziondoa mwenyewe. Nilimwona akiibonyeza moja kwa kidole gumba kabla ya kuiweka chini, na nikajua kwamba na yeye alikuwa na hamu, ila hakutaka kuisema.

Aliyezifunga ni Jaku, fundi wa pikipiki wa huko huko Mwembetanga, mtu wa Tumbatu, mpole, ambaye Msabah alimwamini kwa sababu hapigi kelele za bei. Jioni ile shemeji yangu alirudi mtu mwingine. Alikuwa amezunguka njia ndefu makusudi, akitafuta mashimo, na alinieleza habari za kila shimo. "Laini, shemegi. Unalisikia shimo, lakini halikuumizi." Alhamisi, wakati wa chai, akamwambia mkewe huku ameutazama ukuta, "Kesho, ukipenda, twende pamoja." Zeyana akajibu kwamba haya. Asubuhi nilimsikia jikoni anakaanga sambusa na kughani kaswida, jambo ambalo lilikuwa limekatika kwa muda.

Waliondoka baada ya sala, mimi niko dirishani. Alikaa upande kama kawaida, akaweka mkono begani, na pikipiki ikapinda kona. Nilirudi kwenye cherehani yangu nimefurahi kama kwamba shokapu nilizinunua mimi.

Jioni dada yangu aliingia kwa miguu. Mume wa Nadra alikuwa amemleta kwa gari mpaka pale gari zinapoishia na vichochoro vyetu vinapoanzia. Msabah akaja baadaye kidogo. Alizima pikipiki mbali na nyumba akaisukuma, na sikusikia hata sauti ya mlango.

Ilikuwa tuta lile lile. Haikumuumiza kama mara ya kwanza, alisema Zeyana, lakini iligonga, na shokapu ni mpya. Nilimfuata chumbani. Alikuwa amekaa kitandani anavua bangili.

"Kitu kipya hakiwi kibovu siku ya kwanza, Fathiya," akaniambia. "Akiwa peke yake, laini. Nkikaa mie, inagonga. Basi sababu ni mie. Nshakuwa mzigo."

Nikamwambia asiseme upuuzi. Lakini usiku hakuongeza wali, na asubuhi alikunywa chai kavu. Dada yangu ni mnene. Amekaa na unene wake kwa raha miaka mingi, hakuna nguo niliyomshonea ambayo haikumpendeza, na sisi sote tunampenda hivyo alivyo. Kumwona anajinyima mkate kwa sababu ya springi kulinikera mno, na mimi nikikereka siwezi kukaa.

Nikashuka ukumbini. Msabah alikuwa amechutama mbele ya gurudumu la nyuma na kitambaa mkononi.

"Shemegi," nikamuuliza, "Jaku hakukuuliza hii pikipiki inabeba nani?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Akafuta springi ambayo ilikuwa safi. "Alisema hizi zina ringi huku chini, unaizungusha kufuata mzigo, iwe laini au ngumu. Akaniuliza, 'Na watu wa nyumbani, uzito wao unafika wapi?' Pale gereji walikuwa wamejaa wanaume, wanakunywa kahawa."

"Ukamjibu nini, Msabah?"

"Nkamwambia wa kawaida tu."

"Halafu?"

"Akaniuliza kawaida ya vipi." Alifuta tena. "Nkamwambia mwembamba."

Wanaume wa rika la shemeji yangu hawamtaji mke kwa jina mbele ya wanaume wenzao, seuze mwili wake. Jaku kwa adabu aliuliza watu wa nyumbani. Msabah kwa adabu akaficha. Na Jaku, ambaye amemwona dada yangu akipita Mwembetanga juu ya pikipiki ile na anajua vizuri ukubwa wake, kwa adabu akakubali jibu, akaiacha ringi ngazi ya chini kabisa. Wanaume wawili wenye heshima zao wakafunga shokapu kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo.

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga na kitu. "Mkeo yuko juu anadhani amekuwa mzigo," nikamwambia. "Anakunywa chai kavu. Na wewe unajua sababu, umekaa hapa unafuta springi."

Hakuwa anajua habari ya chai. Alisimama, kitambaa kikamponyoka. "Sasa nimwambie nini, shemegi? Nimwambie nliona haya kusema yeye mnene?"

"Mwambie ulichokifanya. Na umwambie sasa hivi."

Alipanda ngazi, mimi nyuma yake, maana sikumwamini. Akasimama mlangoni, akalitazama dirisha, akasema yote kwa pumzi moja: gereji, kahawa, watu wa nyumbani, mwembamba. Zeyana alikuwa anakunja kanga. Akaiweka kitandani.

"Ulimwambia mwembamba," akasema.

"Ndiyo."

"Mie."

"Walikuwapo watu, Mama Nadra."

Aligeuka akatupa mgongo, nikaona mabega yanamtikisika. Nikaanza kutafuta neno la kumrarua nalo Msabah, kumbe dada yangu anacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, akajifuta macho na ncha ya kanga, akaanza upya. "Masikini Jaku," alisema alipopata pumzi. "Na yeye alifanyaje?"

"Aliinama," Msabah akajibu. "Akawa anatafuta spana."

"Ilikuwa wapi?"

"Mkononi mwake."

Hapo na mimi nikashindwa kujizuia. Msabah alisimama pale mlangoni katikati ya wanawake wawili wanaocheka, hajui acheke au aombe radhi, na mwisho akafanya yote mawili. Asubuhi ile Zeyana alikula mkate wake na wa kwangu.

Siku ya pili Msabah alikwenda tena gereji. Sijui alimwambia nini Jaku. Nafikiri hakumwambia kitu na Jaku akaelewa. Alirudi na spana yenye kulabu, ya kuazima, pamoja na maelekezo. Wakikaa wote wawili, sehemu ya nyuma ishuke vidole vitatu, si zaidi. Ikishuka zaidi, ringi ipandishwe ngazi moja, kulia na kushoto sawasawa, wakae tena, wapime tena. Jaku alijitolea kuja mwenyewe kupima. Msabah akamshukuru, akamwambia hapana haja.

Basi tukapima sisi. Tulifunga mlango mkubwa kwa komeo, tukawasha taa ya ukumbini. Msabah alikaa mbele, miguu chini, pikipiki imeegemea ukuta kidogo. Zeyana alipanda kutoka kwenye ngazi ya nyumba, akakaa upande, mkono begani kwa mumewe. Mimi nikapiga magoti na futi yangu ya kushonea, nikapima kutoka ekseli ya gurudumu mpaka alama ya chaki niliyoitia kwenye madigadi. Nimepima viuno vya nusu ya wanawake wa mji huu, lakini madigadi ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Imeshuka kiganja kizima," nikasema.

"Kiganja chako au cha Jaku?" akauliza Zeyana.

Akashuka. Msabah akashuka, akatia kulabu kwenye ringi, akaizungusha huku anaguna, upande huu na upande ule, springi ikaminywa kidogo. Wakakaa tena. Bado. Wakashuka. Nilikuwa nachelea kwamba dada yangu atajikaza, atajinyanyua kidogo kwa miguu ili futi iseme uongo mzuri, kama wafanyavyo wateja wangu wanapovuta tumbo ndani. Hakufanya hivyo. Kila mara alijituliza vizuri, akaacha uzito wake wote ukae, na kila mara Msabah aliuliza, "Umekaa sawa?" naye akajibu, "Nshakaa." Ringi ilipobakisha ngazi moja kufika juu, futi ikasoma vidole vitatu. Nikawaambia tayari, washuke.

Hawakushuka. Pikipiki imezimwa, imeegemea ukuta ndani ya nyumba, lakini Msabah alikuwa amekaa ametazama mbele kama yuko barabarani, na Zeyana yuko nyuma yake na mkono begani, na walikwisha kuanza kuzungumza habari za paa. Nilisubiri kidogo na futi yangu mkononi. Kisha nikapanda juu nikawaachia ukumbi.

Ijumaa walikwenda Mbweni pamoja na walirudi pamoja kabla ya Magharibi. Nilimuuliza dada yangu habari za tuta. "Lilitunyanyua, likatushusha," akasema. "Basi." Paa litaezekwa upya, akanieleza pia, na ndoo yangu nitaiondoa baada ya mwezi. Wali usiku ule aliongeza bila kuulizwa.

Raha imerudi nyumbani, ila shokapu za bei nafuu hazina akili ya kujua nani yupo juu yake. Siku za kazi Msabah huendesha peke yake, na springi zilizokazwa kwa watu wawili haziwezi kulegea kwa mtu mmoja. Zinamrusha. Anarudi mchana kofia imekaa upande, mkono kiunoni, anashuka taratibu kama amepanda punda. Jaku alishamwambia kwamba dawa yake ni ndogo: baada ya Ijumaa ateremshe ringi, Alhamisi aipandishe tena, kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Hata ile spana akampa kabisa. Msabah aliitundika msumarini ukumbini, na hapo imekaa, haijaguswa.

Wiki hii nimeona imezidi. Alikuwa anafunga mkoba wake wa kazi nyuma ya kiti, aende Mwanakwerekwe kununua waya, na Zeyana na mimi tumekaa kwenye ngazi na vikombe vyetu vya chai.

"Shemegi, unajitesa bure," nikamwambia. "Spana hiyo hapo. Ilegeze."

"Siilegezi," akasema.

"Mgongo wako je?"

Alivuta kamba ya mkoba, akaikaza. Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama usoni, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya huku anasema.

"Nkiilegeza," akasema, "itakuwa pikipiki ya mtu mmoja."

Zeyana hana shughuli yoyote Mwanakwerekwe, na sufuria ya maharage ilikuwa motoni. Akanipa kikombe chake, akasimama, akaanza kupanda ngazi.

"Ufungue huo mkoba, ntaupakata mie," akasema. "Ningoje nivae buibui."